Tunadai Kufeli Kwetu

Ipo nchi iitwayo Fanaka. Msiitafute kwenye ramani, maana wenyewe huichora upya kila anapoapishwa waziri mpya wa ardhi, na kila inapochorwa huwa imeongezeka kidogo. Ni nchi ya amani na mabango mengi, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyefeli hesabu tangu Mheshimiwa Kanali Mstaafu Jabu Tondoo alipokabidhiwa Wizara ya Elimu, Ushindi na Takwimu.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani watoto wa Fanaka walifeli kama wa nchi nyingine yoyote, na wizara ilihangaika nao kweli kweli. Iliunda kamati, ikaunda nyingine ya kuikagua ile ya kwanza, ikanunua magari ya kuzibeba zote mbili. Watoto wakaendelea kufeli. Ndipo Mheshimiwa Tondoo alipofanya ziara ya kushtukiza katika shule moja ya msingi, ziara ambayo shule ilikuwa imeifanyia mazoezi wiki nzima, akamkuta mwalimu ubaoni, chaki mkononi.

“Unafanya nini hapo?” akauliza.

“Nagawanya, Mheshimiwa.”

“Unagawanya nini?”

“Watoto, Mheshimiwa. Watoto thelathini katika makundi matano.”

Waziri aligeuka polepole hadi kamera zote zikampata vizuri. “Wazee wetu walimwaga damu ili taifa hili liwe moja,” alisema kwa sauti iliyotetemeka, “na huyu analipwa mshahara wa serikali kuwagawanya watoto wake!”

Mwalimu alihamishiwa jioni ile ile kwenye shule ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Wiki iliyofuata kugawanya kukafutwa kwenye silabasi. Sehemu nazo zikaondoka, kwani Fanaka ni nzima na haina sehemu. Namba hasi zikapigwa marufuku kwa kuwa raia mwema hana mtazamo hasi. Namba tasa zikaondolewa kwa heshima ya akina mama. Kutoa kulibakizwa, ila pale ambapo tarakimu ilizoea kukopa kwa jirani yake, vitabu vipya vilieleza kwamba “inapokea mkono wa ushirikiano.” Kwa ujumla hesabu ikaegemea kujumlisha na kuzidisha, mambo mawili ambayo wizara yenyewe ilikuwa na uzoefu nayo mkubwa.

Na watoto wote wakafaulu.

Dokta Siwema Lukindo hakuwepo nchini wakati haya yakitokea. Alikuwa ng’ambo akisomea takwimu, na habari za nyumbani alizisikia juu juu, akidhani watu wanatia chumvi. Alikuwa mwanamke mfupi, binti wa mfugaji, mwenye sauti iliyokomazwa kwa kuita ng’ombe ng’ambo ya bonde. Aliporudi aliajiriwa Chuo Kikuu cha Ushindi, akapewa somo la Hesabu na Takwimu kwa mwaka wa kwanza wa sayansi za afya. Ukumbi ulijaa wauguzi, wafamasia na wapima maji wa kesho, na kila mmoja wao alikuja na Alama ya Dhahabu, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa Fanaka. Za chini yake zilikuwa zimekwisha kufutwa.

Siku ya kwanza aliona aanze na kitu chepesi cha kuamsha akili. Akaandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi.

Kijana mmoja mrefu wa safu ya mbele, Mashaka Nyoni, akanyoosha mkono.

“Samahani, Dokta. Huo mstari wa katikati ni wa nini?”

“Mstari upi?”

“Huo. Namba moja imewekwa juu, nyingine chini, halafu mstari. Zimetenganishwa kwa nini?”

Wengine wakacheka. Siwema akadhani anachezewa shere na watoto wa mjini. Akauliza kwa ukali: kati ya theluthi na robo, ipi kubwa? Wakajibu kwa pamoja, kwa furaha ya watu waliopata swali wanalolijua: “Robo!”

“Kwa nini robo?”

“Nne inaizidi tatu, Dokta.”

Hapo sauti ya bondeni ikamtoka. “Hizo Alama za Dhahabu mmeziiba wapi?” Akakusanya vitabu vyake, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

Hajafika mbali akasikia mtu anamkimbilia kwenye korido. Alikuwa Mashaka, na nyuma yake binti mwembamba aliyefunga kitambaa cha buluu kichwani.

“Dokta, hatukuziiba,” Mashaka alisema, akihema. “Tulipewa. Mimi nikiwa darasa la tano niliuliza kwa nini kitabu cha hesabu cha kaka yangu ni kinene kuliko changu. Nilichapwa. Leo nimefika kwako, unanitukana kwa kutokijua kitu ambacho nilichapwa kwa kukiulizia. Sasa mimi niende wapi?”

Siwema aliweka vitabu vyake chini. Akamtazama yule binti. “Na wewe?”

“Naitwa Zamaradi Hembe, Dokta. Mimi nilitaka kuuliza tu kama utarudi.”

Siwema aliwatazama wote wawili, akaona aibu ambayo hakuizoea, ya mtu aliyempiga asiyestahili. “Nitarudi,” alisema. “Na tutaanzia mwanzo. Mwanzo kabisa.”

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, Profesa Ruhinda, mzee mpole aliyefikisha miaka mingi kazini kwa kutowahi kumaliza sentensi. Akamweleza kwamba anahitaji chumba na saa za asubuhi, awafundishe wanafunzi kugawanya.

“Lakini mwenzangu,” Profesa Ruhinda alishangaa kwa dhati, “kwa nini unataka kuwafundisha? Hawa wameshafaulu, na kwa hiyo…”

“Hawajui kitu, Profesa.”

“Hilo ni suala la, eeh, la kiufundi. Na vyumba vyote vimechukuliwa na Kitengo cha Kusimamia Ubora. Wanasimamia… yaani, wamo humo.”

Chumba hakikupatikana. Lilipatikana Bwawa la Kuogelea la Jubilei. Lilikuwa nyuma ya bweni la wanaume, na lilikuwa limezinduliwa na viongozi watatu kwa nyakati tofauti, wote wakiwa wamevaa suti kamili, kwani halikuwahi kuwa na maji. Siwema aliposhuka ndani yake mara ya kwanza alisimama akacheka peke yake. Kuta na sakafu zilikuwa za vigae vyeupe vya mraba, vimepangwa safu kwa safu, bonde zima la karatasi ya grafu. Serikali ilikuwa imemjengea darasa bila kujua.

Akanunua mkaa, akatangaza kipindi cha alfajiri. Siku ya kwanza walikuja wachache, wakiongozwa na Mashaka na Zamaradi. Siku ya pili bwawa likajaa.

Waligawa vigae. Waliandika kwa mkaa, wakafuta kwa viganja, na kwenda darasani wakiwa weusi hadi viwikoni. Kigae kimoja kilikatwa vipande vitatu, kingine vinne, wakavitazama kwa pamoja, na kilio kikapita bwawani: “Kumbe theluthi ndiyo kubwa!” Wengine walikasirika, kama watu waliogundua kwamba shamba lao lilipimwa vibaya. Namba hasi alizifundisha kwa miguu. Ukingo wa bwawa ulikuwa sifuri. Akawashusha ngazi kwa ngazi kuelekea kina kirefu, na kila waliposhuka aliuliza, “Tupo wapi?”

“Hasi moja!”

“Na sasa?”

“Hasi mbili!” walipiga kelele, kisha wakageuka kutazama kama kuna aliyewasikia.

Asubuhi moja aliwapa swali la dawa. Chupa ina miligramu mia mbili katika kila mililita. Mtoto ana uzito wa kilo nane, naye anatakiwa apate miligramu tano kwa kila kilo. Achomwe mililita ngapi?

Zamaradi alizidisha haraka: miligramu arobaini. Kisha akachora ule mstari, arobaini juu, mia mbili chini, akaupunguza hadi ukabaki moja juu ya tano. Moja ya tano ya mililita. Lilikuwa jibu sahihi, na Siwema alikuwa akipita kwenda kwa mwingine aliposikia anaitwa.

“Dokta. Katika mbili kuna moja-ya-tano ngapi?”

“Chora uone.”

Zamaradi alichora vigae viwili. Akakikata kila kimoja vipande vitano. Akavihesabu kwa kidole, vyote, halafu akavihesabu tena.

“Kumi,” alisema. “Ni mara kumi.”

“Sawa kabisa. Mbona umeuliza?”

Binti hakuinua macho. “Mdogo wangu Shukuru alikuwa na kilo nane. Nilikuwepo zahanati, mimi ndiye niliyempakata. Nesi alikuwa na Alama ya Dhahabu, cheti chake kilikuwa ukutani kwenye fremu. Alivuta dawa kama hii, bomba likajaa, mililita mbili, akamchoma.” Akapangusa mkaa vidoleni. “Hakufa. Ila hasikii mpaka leo. Nyumbani tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, na mama alikubali. Kumbe ni huu mstari.”

Siwema alikaa chini kwenye vigae karibu naye. Mashaka ndiye aliyesema: “Dokta, tupe lingine kama hilo. Tupe mengi.”

Kuanzia hapo hakuna aliyetazama nyuma kuona kama anasikiwa. Na ndipo waliposikiwa.

Bwana Pazi Kihongwe, Afisa Usalama wa Mitaala, alikuja na miwani ya giza akasimama juu ya ubao wa kurukia, mahali alipoamini haonekani. Kipindi kilikuwa kimefika kwenye takwimu zenyewe. Alisikiliza kwa makini, na kila neno alilolisikia lilimtia jasho zaidi. Alisikia mtawanyiko. Alisikia sampuli inavutwa bila upendeleo. Aliposikia mkengeuko alishuka kwenye ubao kwa magoti na kukimbilia simu.

Siwema akaitwa mbele ya kamati. Waliokaa ni Bwana Kihongwe, Profesa Ruhinda ambaye alitazama dirisha muda wote, katibu, na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Anzigari Bulaya, mtu wa sauti laini na viatu vinavyong’aa.

“Taarifa inasema unafundisha ukengeufu,” alianza Bwana Kihongwe.

“Nafundisha mkengeuko sanifu.”

“Mnasikia? Tena sanifu! Maana yake umepangwa.” Akaegemea mbele. “Nani amekengeuka?”

“Namba. Kila namba ina umbali wake kutoka kwenye wastani. Tunaupima.”

“Na mkishazipata zilizokwenda mbali mnazifanya nini?”

“Hatuzifanyi kitu. Tunaziandika.”

Katibu akaandika: Anaorodhesha waliokengeuka.

“Na huo mtawanyiko,” aliendelea Bwana Kihongwe. “Kukusanyika bila kibali ni kosa, hilo nalijua. Kutawanya watu ni kazi ya polisi. Wewe umepewa na nani mamlaka hayo?”

Profesa Bulaya aliinua kidole, akawaomba wenzake wampishe. Walipotoka alimmiminia Siwema chai kwa mkono wake mwenyewe.

“Mdogo wangu,” alisema, “usinione mimi kama yule bwana. Mimi pia ni mwanahisabati. Najua fika kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Nalijua tangu nikiwa na kaptula. Umewahi kunisikia nikilisema?”

“Sijawahi, Profesa. Ndiyo maana wanafunzi wako hawalijui.”

Profesa alitabasamu kama aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Akamweleza kwamba Wizara inaanzisha Kurugenzi ya Takwimu za Furaha, yenye gari na bendera ndogo, na inatafuta mwanamke msomi wa kuiongoza. Kinachotakiwa ni jambo dogo. Siku ya Ufaulu wa Taifa inakaribia, Waziri atakuja chuoni kugawa vyeti, na matokeo ya jaribio la kwanza la Siwema hayajapendeza.

“Yalikuwa ya kweli,” alisema Siwema.

“Ndiyo maana hayajapendeza. Weka sahihi kwenye haya mapya, basi.”

Siwema alisukuma kikombe cha chai katikati ya meza. “Nikiweka sahihi hapa, Profesa, nitakuwa nimemchoma sindano mtoto nisiyemjua. Siweki.”

Alitoka, akajitanda khanga vizuri mabegani, akaenda kuendelea na kipindi.

Wizara ikaamua kumaliza jambo kistaarabu: bwawa lijazwe maji. Zikaagizwa boza za maji kwa kadiri iliyokokotolewa na mhandisi mwenye Alama ya Dhahabu, zikaja na ving’ora, zikamwaga, zikaondoka. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Kesho yake wanafunzi walikunja suruali na kupandisha sketi, na Siwema akaandika juu zaidi ukutani. Lilikuwa somo la ujazo, na walikuwa na mfano mzuri wamesimama ndani yake.

Siku ya Ufaulu ikafika. Uwanja ulipambwa, bendi ikapiga, na Mheshimiwa Tondoo akahutubia kwa muda mrefu. Alisema Fanaka imefikia ufaulu wa asilimia mia, na kwamba mwakani, kwa juhudi zaidi, itafikia asilimia mia na kumi. Alisema ameagiza kila mwanafunzi awe juu ya wastani, na atakayebaki kwenye wastani achukuliwe hatua. Watu wakapiga makofi. Siwema alikaa safu ya nyuma kati ya walimu, amepigwa marufuku kuzungumza, akiwatazama wanafunzi wake mmoja mmoja wakipanda jukwaani kupokea alama ambazo hakuwapa. Mashaka, aliyekuwa amepata kumi na mbili katika lile jaribio, alitangazwa ana tisini na saba. Aliinama akapokea cheti kama mtu anayepokea maiti.

Ikaitwa zamu ya Zamaradi Hembe, tisini na sita.

Alipanda taratibu. Waziri akamnyooshea cheti. Zamaradi hakunyoosha mkono.

“Shika, binti,” Waziri alinong’ona huku akitabasamia kamera.

“Shikamoo, Mheshimiwa. Hiki si changu.”

“Kina jina lako.”

“Jina ni langu. Alama si zangu. Mimi nilipata thelathini na moja. Naomba thelathini na moja yangu.”

Kipaza sauti kilikuwa karibu, na neno likaenda hadi kwenye miti ya uzio. Bendi, ikidhani ni ishara, ikapiga kidogo na kuacha. Waziri akamweleza kwa upole wa hatari kwamba serikali imemwongezea.

“Mdogo wangu pia aliongezewa,” alisema Zamaradi. “Aliongezewa na nesi aliyeongezewa alama kama mimi. Sasa hasikii. Mimi nikitoka hapa nitapewa bomba la sindano mkononi, Mheshimiwa, na wewe unanipa cheti kinachosema najua. Sijui! Najua kidogo, na hicho kidogo nimekipata bwawani. Nirudishieni thelathini na moja yangu, nijue nimebakiza ngapi.”

Siwema hakujijua amesimama. Alikuwa wima, mkono mdomoni, machozi yanamteremka, na hakuyafuta.

Kutoka uwanjani ikatoka sauti ya Mashaka, kali na ya kuvunjika: “Na kumi na mbili yangu!” Ikafuata nyingine: “Ishirini na tano yangu!” Halafu zikawa nyingi mno. Vyeti vikawekwa chini kwenye nyasi. Mtu mmoja alianzisha, na uwanja mzima ukaitikia: “Tunadai kufeli kwetu! Tunadai kufeli kwetu!” Wakaanza kutembea kuelekea mjini, wizarani.

Kamanda wa polisi, Afande Ngozoma, aliamriwa kuziba mageti yote manne ya chuo. Alikuwa na askari wengi tu.

“Nawapanga vipi, Mheshimiwa?” aliuliza kwenye redio. “Mageti manne, askari hawa. Itabidi niwagawanye.”

Redio ikajibu kwamba kugawanya hakumo katika sera.

Kwa hiyo askari wote wakasimama kwenye geti moja, bega kwa bega, imara kabisa, na wanafunzi wakatoka kwa mageti mengine matatu. Walipofika wizarani walikuwa wamejiunga na watu wa sokoni na wauguzi kadhaa waliotoka zahanati wakiwa na vyeti vyao vya fremu kwapani. Mwanasheria wa Serikali alipekua vitabu hadi mchana. Sheria za Fanaka zinakataza kuandamana kudai haki, kudai nyongeza na kudai majibu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba watu wataandamana kudai wapunguziwe.

Jioni Waziri akatoa tamko. Kwa huruma yake kutakuwa na Mtihani Maalumu wa Wasioridhika na Ushindi. Atakayeufanya anaipoteza Alama yake ya Dhahabu moja kwa moja, na akifeli amefeli kweli. Wizara ilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayejitokeza.

Profesa Bulaya alimwita Siwema kwa mara ya mwisho. Safari hii hakukuwa na chai.

“Utautunga wewe na utausahihisha wewe,” alisema. “Kisha utaondoka. Mtu lazima aondoke, mdogo wangu. Waziri hawezi.”

Siwema alikuwa ameitafuta kazi ile maisha yake yote. Alitazama nje, bweni la wanaume lilipo, na bwawa nyuma yake. “Na alama zitabaki kama nilivyoziandika? Zibandikwe ukutani, wazi?”

“Zitabaki.”

“Andika hivyo, na mimi naandika kwamba naondoka.”

Wakaandika. Profesa alipokuwa anatia sahihi alisema chini kwa chini, bila kumtazama, “Theluthi ni kubwa kuliko robo.” Huenda alikuwa anajaribu tu kuona inasikikaje.

Siku ya mtihani viti havikutosha, wengine wakaandikia sakafuni. Matokeo yalipobandikwa, waliofaulu hawakufika nusu. Palikuwa na vilio, maana kufeli kwa kweli kunauma kweli. Palikuwa pia na jambo ambalo halijawahi kuonekana Fanaka: watu walisimama mbele ya ukuta wakisoma alama zao polepole, wakizigusa. Zamaradi alipata sitini na nne. Alisimama pale hadi watu wakaisha.

Siwema alifungasha vitu vyake kwenye boksi la karatasi na kushuka nalo hadi getini. Mlinzi alikuwa amepewa amri na alikuwa akimsubiri kwa heshima. Mashaka alitokea akikimbia, kama alivyokimbia siku ile kwenye korido, karatasi ya mtihani mkononi.

“Dokta! Nimepata thelathini na nane!”

Alama ya kufaulu ilikuwa arobaini. “Pole, Mashaka,” alisema Siwema.

“Pole ya nini? Nilianza na kumi na mbili. Hizi zote ni zangu.” Akaikunjua karatasi. “Narudia mwaka, nimeshajiandikisha. Ila swali la saba, Dokta, hapa kwenye wastani, nimelitazama tangu asubuhi na sijui nilipotea wapi.”

“Mama,” mlinzi aliingilia kwa upole, “amri inasema huruhusiwi kufundisha ndani ya eneo la chuo.”

“Eneo la chuo linaishia wapi?”

Mlinzi akaonyesha kwa kidole. “Hapo kwenye reli ya geti.”

Siwema alivuka reli. Akaliweka boksi chini kando ya barabara, akalikalia, akavuta kalamu kwenye nywele zake na kunyoosha mkono.

“Haya,” alisema kwa ile sauti ya bondeni, iliyofika hadi mabwenini. “Nani mwingine alikosa swali la saba?”

Mlinzi alibaki ameshika geti. Nyuma yake walikuwa wameanza kutoka, mmoja, halafu wawili, halafu kundi, kila mtu na karatasi yake.